Baba Anasafishwa Damu, Watoto Wamebadilika

Barua za wasomaji, majibu ya muuguzi

SWALI

Shikamoo mama. Mume wangu figo zimefeli, na huu ni mwaka wa pili anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tuna watoto watatu. Wa kwanza, binti wa miaka 14, ndiye mkono wangu wa kulia: anapika, anamwogesha mdogo wake, na dawa za baba yake anazipanga yeye. Sina la kumlalamikia, ila marafiki zake hawaji tena na shuleni ameshuka. Wa pili ni mvulana wa miaka 8. Huyu amekuwa mkorofi, anapigana na wenzake, na baba yake akiingia sebuleni yeye anatoka. Mume wangu jambo hilo linamuumiza kuliko sindano. Kitinda mimba ana miaka 4, alikwisha kuacha kukojoa kitandani, sasa ameanza upya. Hatujawaambia ugonjwa wenyewe. Tumewaambia baba anakwenda kazini na kazi inamchosha. Ndugu wa mume wanasema tusiwaambie, tutawatia hofu bure. Je, tuendelee kuficha mpaka lini? Na nifanye nini ili watoto wangu warudi walivyokuwa?

Mama wa Watatu

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na unifikishie pole kwa baba watoto.

Barua yako nimeisoma nikairudia, na kila mara nimekwama pale uliposema dawa za baba anazipanga binti. Mtoto wa miaka 14 anayepanga dawa anasoma maandishi ya kwenye pakiti, na kama hana simu basi ana rafiki mwenye simu. Huyo anajua. Anajua pia kwamba hamtaki ajue, kwa hiyo anabeba ugonjwa na siri kwa pamoja, na hana wa kumuuliza. Nadhani hata marafiki hawaji kwa sababu hiyo. Wakija watauliza baba ana nini, naye atasema lipi: analolijua au mnalolisema?

Wadogo nao wanajua kwa kiwango chao. Wanaona bandeji mkononi. Wanaona baba anaondoka siku zile zile kila wiki na kurudi hana nguvu hata za kuvua viatu. Wanasikia mkinong'ona chumbani, wakiingia mnanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na katika familia nyingi nilizozijua kwa sababu ya kazi yangu, wa kwanza kulia walikuwa watoto. Huyu anapigana shuleni, yule analowesha shuka, mwingine anageuka mtu mzima kabla ya wakati wake. Hicho ndicho unachokisikia nyumbani kwako sasa hivi.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: waambieni, na iwe wiki hii.

Mawifi na mashemeji zako hawana nia mbaya. Wanataka kuwakinga watoto na hofu, lakini hofu imeshaingia. Mtoto asipopewa maelezo hujitungia ya kwake, na ya kwake mara nyingi hutisha kuliko ukweli. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kusafishia damu, na watoto waliokuwa wakiwasubiri wazazi wao kwenye benchi la nje walikuwa wakinishika gauni na kuniuliza. Damu yake yote inatolewa? Umeme ukikatika atakufa? Na mimi nitawekwa kwenye mashine? Niliwajibu. Damu iliyo nje ya mwili kwa wakati mmoja ni kidogo, kama glasi moja hivi, nyingine yote inaendelea kuzunguka mwilini. Mashine ina kengele zake, na umeme ukikatika muuguzi anaweza kuirudisha damu kwa kuzungusha mpini kwa mkono. Sindano inauma inapoingia, baadaye inavumilika. Sikumbuki mtoto aliyekimbia kwa sababu amejibiwa. Walichofanya wengi ni kuuliza swali lingine, kisha wakaendelea kucheza.

Nije kwa kijana wako wa miaka 8, maana hapa kuna kitu barua yako haikukisema nami nataka nikuulize. Kabla ya ugonjwa, yeye na baba yake walikuwa wakicheza vipi? Wavulana wengi wa umri huo hucheza na baba kwa mwili: wanamrukia mgongoni, wanashikana mieleka, wananing'inia mkononi. Kisha, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi, mumeo huenda alifanyiwa upasuaji mdogo wa kuunganisha mishipa ya mkono ili pawe na mahali pa kuchoma sindano. Akaambiwa mkono huo autunze: asiulalie, asibebee mizigo, usivalishwe kitu cha kubana, hata presha ipimwe mkono mwingine. Siku mtoto aliporuka kama alivyozoea, naogopa alifokewa: "Usiniguse!" Baba alikuwa akiuhami mkono. Mtoto alisikia kwamba yeye hatakiwi.

Ongeza na hali yenyewe ya ugonjwa. Mtu ambaye figo hazifanyi kazi hupimiwa maji ya kunywa, kwa hiyo anashinda na kiu. Ngozi inamwasha. Usiku hapati usingizi. Hasira haziko mbali na mtu wa namna hiyo, hata awe mpole kiasi gani. Sasa mtoto anamwona baba aliyekuwa akicheka anafoka kwa jambo dogo, wala hajaambiwa kisa. Katika umri huo atakitafuta kisa kwake mwenyewe: siku ile nilimwambia simpendi, ndiyo maana akaugua. Au anaogopa ataambukizwa, na anaona haya kusema. Kule kutoka sebuleni mimi nakuona ni woga, pengine na hatia ndani yake. Mumeo anaumia kwa sababu anadhani ni dharau. Mwambie leo kwamba anatafsiri vibaya, maana baba akiamini mtoto anamdharau, naye ataanza kujitenga, na hapo watapotezana wote wawili.

Ukitaka kumchunguza, usimkalishe kitako kama mshitakiwa. Zungumzeni mkiwa na shughuli, mnatembea au mnafua, macho yasikutane sana. Sema: "Kuna watoto wanadhani mzazi anaugua kwa sababu walimkasirisha. Wewe umewahi kuwaza hivyo?" Kisha nyamaza umpe nafasi. Akijibu "hapana" haraka haraka, usibishane naye, ila hakikisha ameyasikia haya: hakuna alichofanya kikaleta ugonjwa, figo kufeli hakuambukizi, anaweza kumkumbatia baba na kulala pembeni yake, na kumponya baba si kazi yake. Nikuonye hapo hapo: usimwapie kwamba yeye hatapata ugonjwa huo kamwe kabla hujamuuliza daktari chanzo chake kwa mumeo. Kwa watu wazima visababishi vikubwa ni kisukari na shinikizo la damu, lakini yapo magonjwa ya figo yanayorithiwa. Mtoto akija kugundua ulimdanganya kwa hilo moja, hatakuamini hata kwa yale uliyosema kweli.

Baada ya hapo kazi ni ya baba mwenyewe. Siku ya kusafishwa asimwahidi mtoto chochote, kwa sababu baada ya saa nne hivi kwenye mashine wengi wanachotaka ni kulala. Kesho yake ndiyo iwe siku ya mtoto, na ijulikane hivyo. Amwite, amwoneshe ule mkono, amwache aweke kidole taratibu juu ya mshipa uliounganishwa. Atasikia mtetemo, kwa sababu damu inapita pale kwa kasi, na mtetemo huo unatekenya kidole. Nimeona watoto waliokuwa hawataki hata kuutazama mkono wa namna hiyo wakawa wao ndio wanaomwita mdogo wao aje asikie. Wauguzi huwafundisha wagonjwa kuukagua mtetemo huo kila siku, kwa kuwa ukipotea inabidi wapige simu hospitali mara moja. Mtoto aushike kwa furaha yake tu. Ukaguzi ubaki wa baba.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya binti yako. Unasema huna la kumlalamikia, nami katika hao watatu ndiye ninayemhofia zaidi. Mvulana anapiga kelele, unamsikia. Mdogo analowesha shuka, unaona. Binti hakusumbui. Anaosha vyombo, anaingia chumbani kwake, na wewe kwa uchovu ulionao unamshukuru Mungu kwamba angalau mmoja yuko sawa.

Mtoto kusaidia nyumbani ni jambo jema. Ninachoangalia mimi ni kitu kimoja: asipoifanya kazi hiyo, au akiikosea, nani ataumia? Asipoosha vyombo, vitalala vichafu. Akikosea dawa za baba, baba anaweza kulazwa. Mgonjwa wa figo dozi zake hupangwa maalumu. Zipo dawa zinazomezwa pamoja na chakula, zipo zinazosubiri mpaka atoke kwenye mashine, na hata vidonge vya maumivu ambavyo watu humeza bila kufikiri, baadhi yake havimfai. Kazi hiyo irudishe kwako au kwa mumeo usiku wa leo. Siku yoyote baba yake akizidiwa, hata kwa sababu isiyohusiana na dawa hata kidogo, binti atajiuliza kama ni yeye aliyekosea. Swali hilo mtu anaweza kuishi nalo mpaka ana watoto wake.

Lakini usimnyang'anye kila kitu kwa mkupuo mmoja. Amejivunia kuwa msaada, ukimvua vyote ataona ameshindwa. Kaa naye umuulize: katika kazi hizi, ipi ungependa ubaki nayo? Ipi inakuchosha? Ipi inakutia woga? Hilo la tatu liulize polepole na uwe tayari kwa jibu. Nimewahi kumsikiliza msichana wa umri wake aliyekuwa akiamka usiku kusimama mlangoni kusikiliza kama mama yake anapumua, na mama alidhani mwanawe analala fofofo.

Kuna hasara nyingine ambayo wazazi hawaioni upesi. Binti akishakuwa wa kuamuru nani aoge na nani alale, wadogo zake wanampoteza dada. Wewe mwenyewe huenda umeshasikia, "Wewe si mama yangu!" Ana miaka 14, anatakiwa kugombana na mdogo wake juu ya rimoti kisha wacheke, siyo kumsimamia. Kumwogesha mdogo kurudi kwako. Na baba, siku ambazo hana safari ya hospitali, anaweza kusikiliza mtoto akisoma, kukagua madaftari, kufunga vifungo vya sare, yote hayo akiwa ameketi. Litampunguzia binti mzigo, na litamrudishia mumeo ubaba ambao nadhani anaulilia kimya kimya.

Mpe binti saa zake. Chagueni siku mbili katika wiki ambazo baada ya shule ni zake, aende kwa marafiki au akae bure, na siku hizo asipigiwe simu kuulizwa funguo ziko wapi. Akirudi, usimpokee kwa orodha ya yaliyolala.

Huko si kumdekeza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unataja haki ya mtoto kupumzika na kucheza, na haukusema isipokuwa baba akiugua. Uingereza walitunga sheria mwaka 2014 inayozitaka mamlaka za mitaa kutathmini mahitaji ya mtoto anayemuuguza mtu nyumbani. Norway tangu mwaka 2010 sheria inawataka wahudumu wa afya kuangalia mahitaji ya watoto wa mgonjwa wanayemtibu. Mahali pengi, hata hivyo, mgonjwa ataulizwa presha, uzito na maji aliyokunywa, na hakuna atakayemuuliza habari za watoto. Basi semeni wenyewe. Kliniki ijayo mwambieni muuguzi au ofisa ustawi wa jamii kwamba nyumbani kuna watoto watatu na mkubwa ndiye aliyekuwa akipanga dawa. Mwalimu wa darasa naye aambiwe, wa binti na wa kijana, ila binti muulize kwanza anataka nani ajue na ajue kiasi gani. Katika umri wake habari za nyumbani kuzagaa darasani ni maumivu mengine.

Kitinda mimba hanitishi sana. Kurudia kukojoa kitandani ni jambo la kawaida kwa mtoto mdogo aliyehisi nyumba imeyumba. Usimtie aibu, na ndugu zake wasimcheke. Badilisha shuka bila maneno, mrudishie ratiba yake ya kulala, na kila siku apate dakika chache za kwako peke yake. Ikiwa anakojoa kwa maumivu, au ana kiu isiyo ya kawaida, mpeleke hospitali, usidhani ni mawazo tu. Ila kwake yeye ile habari ya "kazini" ndiyo inayoniudhi. Mmemfundisha kwamba kazi inamrudisha mtu nyumbani akiwa hoi. Siku utakapomwambia wewe unakwenda kazini, usishangae akikung'ang'ania mlangoni.

Sasa kuwaambia kwenyewe. Kaeni wote, wewe na mumeo, siku ambayo hajatoka kwenye mashine, mchana, si wakati wa kulala. Binti aambiwe kwanza peke yake, kwa heshima, na muda kidogo kabla ya wadogo. Mwambieni mnajua kwamba alikuwa akijua. Kwa wote aanze baba mwenyewe, kwa maneno mepesi: "Figo ni viungo vinavyosafisha damu. Za kwangu zimeacha kufanya kazi. Siku tatu kila wiki nakwenda hospitali, mashine inafanya kazi ya figo, ndiyo maana narudi nimechoka. Nikifoka, mara nyingi ni uchovu au kiu, si kwamba nimeacha kuwapenda. Mkitaka kuuliza, niulizeni." Yatoshe. Mdogo ataondoka katikati ya mazungumzo kwenda kucheza, mwacheni, atarudi na swali lake baada ya siku kadhaa, pengine akiwa bafuni.

Mmoja atauliza, "Baba atakufa?" Msikurupuke kusema hapana, na msimwambie anyamaze. Mwambieni: "Ni ugonjwa mkubwa. Watu wengi huishi miaka na miaka wakisafishwa damu, na wengine hupandikizwa figo. Madaktari wanamhudumia. Hali ikibadilika, tutawaambia sisi wenyewe, hamtasikia kwa watu." Ahadi hiyo ya mwisho mnaweza kuitimiza, na mtoto ataishikilia. Wadogo wa miaka 4 hawajaelewa kwamba kufa ni moja kwa moja, kwa hiyo wanaweza kuuliza tena na tena kwa sauti ya kawaida kabisa. Jibuni vile vile kila mara.

Umeuliza warudi vipi walivyokuwa. Hawatarudi, mwanangu, na sitaki nikupe tumaini la uongo. Walikuwa watoto wa baba mzima, sasa ni watoto wa baba anayeishi na ugonjwa, na watakua wakilijua hilo. Wanaweza kukua vizuri, wakicheka na baba yao na kugombana wao kwa wao kama watoto wengine. Lakini ukiona hata baada ya kuwaambia, wiki zinapita na mmoja hali, halali, hataki kabisa shule, au anasema heri afe, usisubiri barua yangu. Mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha siku hiyo hiyo.

SWALI

Shikamoo. Nina miaka 16. Mdogo wangu wa kiume ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nyumbani kila kitu ni yeye. Nilipofaulu mtihani hakuna aliyeuliza, kwa sababu alikuwa amelazwa. Juzi alipolazwa tena nilijikuta natamani asirudi. Nimelia sana. Je, mimi ni mtu mbaya?

Msichana Asiyeonekana

JIBU

Marahaba binti yangu. Hapana, wewe si mtu mbaya. Wazo limekupitia kwa sababu una njaa ya wazazi wako, na wakati huo mdogo wako ndiye aliyekuwa nao. Wazo halimdhuru mgonjwa, wala halijaongeza hata siku moja ya kulazwa kwake. Ndugu wa watoto wanaougua muda mrefu huwa nalo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila hawalisemi.

Wazazi wako hawakuacha kukupenda. Wameona wewe unajiweza, wakakimbilia anakolia. Hilo halifanyi maumivu yako kuwa madogo, na unayo haki ya kuyasema. Usianze na "hamnijali", watajitetea na mtagombana. Omba kitu kimoja kinachoshikika: "Mama, nataka tukae mimi na wewe saa moja, nikuoneshe matokeo yangu." Ukishindwa kwa mdomo, andika kwenye karatasi umwachie kitandani. Ukiona mama hana nafasi kabisa, mweleze shangazi, au mwalimu unayemwamini, akusemee.

Na mdogo wako, mtafute siku ambazo haumwi. Maumivu ya selimundu huja kwa vipindi, na katikati kuna siku nyingi ambazo yeye ni mtoto tu anayetaka kushindana na wewe. Huenda naye anakuonea wivu wewe unayeweza kukimbia bila kuogopa baridi na uchovu.

La mwisho, ombeni upimwe damu kama hujapimwa. Selimundu hurithiwa kwa wazazi wote wawili, na ndugu asiyeumwa anaweza kuwa amebeba chembe moja ya urithi bila kuugua. Ni kipimo kimoja cha damu, na utakihitaji siku ukifikiria kuzaa. Mwambie mama akupeleke siku mdogo wako atakapokwenda kliniki, na siku hiyo uingie kwa daktari na maswali yako mwenyewe uliyoyaandika.